Mrashi Uliokwenda Kutazamwa

Wiki iliyopita jirani yangu Neema alinirudishia bakuli langu likiwa tupu.

Neema ni mgeni kwenye jengo letu la Michenzani. Amekuja kutoka bara na mumewe, na mlango wao unatazamana na wangu. Siku waliyohamia nilimwona anahangaika na maboksi ngazini, jasho linamtiririka, nikampelekea samaki wa kupaka ili asipate tabu ya kuwasha jiko. Siku ya pili akabisha hodi. Bakuli lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, linanukia sabuni, akanikabidhi kwa mikono miwili na tabasamu lake zuri.

"Ahsante sana, dada. Samaki alikuwa mtamu kweli."

Nikapokea, nikatazama ndani, nikatabasamu na mimi. Kisha nikafunga mlango, nikabaki nimesimama ukumbini na bakuli mkononi, sijui niliweke wapi.

Wa rika langu waliokulia mjini hawahitaji maelezo hapa. Kwetu sahani ilikwenda na kitu na ikarudi na kitu. Ukiwa nacho unatia mkate wa kumimina, ukiwa huna unatia sukari, na siku ya ukata kabisa unatia ndimu au chumvi ya kiganja. Hayakuwa malipo. Ilikuwa ni namna ya kumwambia jirani kwamba ujirani wetu bado upo, chombo chako kimekaa kwangu na sikukisahau. Sikumkasirikia Neema, pengine kwao bakuli tupu lililooshwa vizuri ndiyo adabu yenyewe. Lakini ile harufu ya sabuni mahali ambapo pangekuwa na harufu ya kitu ilinikumbusha bibi yangu, Bi Raya, na mrashi wake. Ni miaka mingi nimejizuia kumkumbuka kwa upande huo.

Nililelewa na Bi Raya, mama yake mama yangu, katika nyumba ya ghorofa moja ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, karibu na Darajani kiasi kwamba asubuhi ukisikiliza vizuri ulisikia wauza samaki wanavyopigiana kelele. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Sina sura yake kichwani. Nilichokuwa nacho ni picha moja na mbonyeo kwenye mrashi.

Mrashi wenyewe ulikuwa wa fedha, tumbo la duara, shingo ndefu, na juu kabisa kichwa chenye vitundu ambamo marashi hutokea ukiutikisa. Kitako chake kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Mama alipokuwa mtoto aliuiba kabatini akachezee harusi ya watoto wa bandia, ukamponyoka, ukabingirika ngazi zote mpaka chini. Sonara alitaka kuunyoosha, Bibi akasema atampelekea akipata nafasi. Halafu mama akafa, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutaja kuunyoosha. Kidole gumba changu kilienea sawasawa kwenye mbonyeo ule. Bibi alikuwa akinikuta nimekaa nao mapajani, nimetia kidole pale, akisema, "Mama yako huyo," kisha anaendelea na kazi zake.

Mrashi ule haukuwa wa Bibi peke yake. Kwa jina ulikuwa wake, lakini kwa matumizi ulikuwa wa mtaa mzima. Hakukuwa na bibi harusi aliyetolewa nje pale mtaani bila ya kunyunyiziwa nao. Walikuja kuuazima wakiwa wawili watatu, wanakaa, wanauliza hali, wanasifu asumini iliyopandwa kwenye kopo dirishani, na mwisho kabisa mmoja anasema, "Bi Raya, tuna shughuli yetu wiki ijayo, tungependa na mrashi wako uwepo." Basi. Hakuna aliyesema nipe, hakuna aliyesema nitarudisha. Siku mbili tatu baada ya shughuli mrashi ulirudi, na tumboni mwake mna marashi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiutikisa sikioni kusikiliza yamebaki kiasi gani. Katika utoto wangu wote sikupata kuusikia mkavu.

Ndio huo uliomnyunyizia mama siku ya harusi yake, na ndio huo uliomnyunyizia alipovishwa sanda. Bibi alikuwa akiusugua kwa ndimu na majivu, na akiwa kwenye kuusugua alizoea kusema, "Na mimi nikifa mnitie marashi kwa huu huu. Msije mkanitia kwa chupa." Alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza bamia sokoni. Mimi nilikuwa naitikia, "Naam, Bibi," nikiamini watu wanaokufa ni wengine.

Sasa nije kwa Mwalimu Haroub.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwembamba, kanzu yake haikosi pasi, na sijapata kumsikia akipandisha sauti. Yeye na wenzake wachache walikuwa wamepata nyumba ya zamani vichochoro viwili kutoka kwetu, wakaipaka chokaa, wakataka kuifanya nyumba ya kuonyeshea mambo ya kale ya mtaa. Si makumbusho makubwa ya serikali. Ni kitu kidogo, cha watu wa pale pale. Alipita nyumba kwa nyumba kutafuta vitu. Kwetu alikuja alasiri, akabisha hodi, akakaa, akauliza hali, akaisifu asumini. Akaeleza habari za ile nyumba, na watoto wetu, na wageni watakaokuja siku ya kufungua. Mwisho akasema, "Bi Raya, tungependa na mrashi wako uwepo."

Bibi aliinuka, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akampa.

Nimelitafakari tukio hilo maisha yangu yote na bado sioni wa kumlaumu. Mwalimu alikuwa ametoka kueleza kwamba nyumba ile ni ya vizazi vijavyo, na mwanamke mtu mzima akasimama bila ya kuuliza swali akamletea kitu chake cha thamani. Aliamini amepewa. Bibi alikuwa ametajiwa shughuli na wageni, kwa maneno yale yale aliyoyasikia kwa kila aliyepata kuja kuuazima. Aliamini amemwazima.

Ufunguzi ukapita. Siku mbili tatu zikapita. Mrashi haukurudi.

Kwa watu wa namna ya Bibi, kumwendea mtu mlangoni ukamwambia nirudishie chombo changu ni kumvua nguo mbele za watu. Kuna njia yake. Unapika kitu, unamwendea, unakaa, unamtazama kwa macho ya wema, naye akikuona atakumbuka mwenyewe. Basi Bibi alikaanga visheti, akavipanga kwenye sahani yake yenye maua ya buluu, akavaa buibui, akanishika mkono.

"Tunakwenda wapi, Bibi?"

"Kwa Mwalimu, tukawatazame."

Nyumba ile kwangu ilikuwa maajabu. Kulikuwa na santuri yenye tarumbeta, taa za karabai, pishi za kupimia mchele, viatu vya miti vya mtu ambaye lazima miguu yake ilikuwa mikubwa kupindukia, na kila kitu kilikuwa kimekaa kimya kana kwamba mwenyewe ametoka mara moja. Na katikati, ndani ya sanduku la kioo, juu ya kitambaa chekundu, umelala mrashi wetu.

"Shikamoo, Bi Raya," Mwalimu alisema, akipokea sahani kwa furaha ya kweli. "Mrashi wako unapendwa huo! Kila anayeingia husimama hapo."

"Marahaba. Alhamdulillahi."

Bibi akasimama mbele ya kioo. Akakaa kitako kwenye kiti alicholetewa. Akanywa chai. Mwalimu alimwuliza kwa adabu kama ana haja yoyote.

"Sina haja, Mwalimu. Nimekuja kukutazameni tu."

Tukaondoka. Kesho yake sahani ya maua ya buluu ilirudi, Mwalimu mwenyewe ameileta, na juu yake kipande kikubwa cha halua. Alikuwa mtu wa adabu, Mwalimu Haroub. Sahani hakupata kuirudisha tupu hata siku moja.

Lazima nieleze mimi nilielewa nini, kwa sababu nilielewa vibaya na nilifurahi sana katika kutoelewa kwangu. Siku hizo Bibi alikuwa akinichukua hospitali kumtazama shoga yake Bi Shani, aliyelazwa kwa muda mrefu. Tulikwenda na chakula. Tulikaa kwenye kiti. Hatukuruhusiwa kugusa kitu. Bibi aliuliza hali, akasema alhamdulillahi, na tulipoondoka alisema tutakuja tena. Kwa Mwalimu ilikuwa vivyo hivyo, hatua kwa hatua. Kwa hiyo nikajua: mrashi unaumwa. Umelazwa mle ndani ya kioo kwa sababu ya ule mbonyeo wake, na Mwalimu ndiye daktari. Ukipona utatoka. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliona ni jambo lililo wazi, na kila tulipokwenda nilikuwa nikiuchungulia kitako nione kama umepata nafuu.

Tulikwenda mara nyingi. Mwalimu naye, kwa kumwona mtu mzima anakuja kila mara na visheti na kusimama mbele ya vitu vya kale kwa utulivu ule, aliona amempata mwenzake. Hakuna katika mtaa aliyeijali historia kama Bi Raya! Basi kila walipochukua vitu vyao kwenda kuvionyesha mahali, alituma salamu kwamba kuna nafasi ya Bi Raya na mjukuu wake. Na kila alipotumiwa salamu Bibi aliuliza jambo moja tu, "Na mrashi unakwenda?" Akiambiwa unakwenda, alijifunga kanga akenda. Hivyo ndivyo nilivyoizunguka Unguja. Tulikwenda kwenye magofu ya Dunga, tukenda Mangapwani, tukenda kwenye chumba kimoja cha skuli ambamo walikuwa wamepanga vyungu vilivyopasuka na majina yake. Watoto wenzangu walikuwa hawajavuka Mwanakwerekwe. Mimi nilikuwa najiona mtu mkubwa, nina bibi anayependa makumbusho.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Matemwe. Watu wa kule walikuwa na kibanda chao kidogo karibu na pwani: madema ya kutegea samaki, kamba za mwani, makasia, ngoma. Kilikuwa kinanukia chumvi na makuti mapya. Mlangoni palikuwa na mwanamke mkavu, mikono imechujuka kwa maji ya bahari, anaitwa Bi Mize. Alikuwa mkulima wa mwani na siku hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kukaribisha wageni. Mwalimu alipokuwa amezungukwa na watu nje, Bi Mize alimsogelea Bibi.

"Kile chenye shingo ndefu chako?"

"Changu."

"Watakurudishia lini?"

"Wakishamaliza," alisema Bibi.

Bi Mize alicheka, cheko kubwa la mtu aliyezoea kusemea penye upepo. "Wamalize nini, dada yangu? Hawa hawamalizi. Mimi hapa nliwapa kinu cha mama yangu, wakakiweka pale pembeni. Nlipokuja kukitaka nitwangie mpunga wa harusi ya mwanangu, wakanambia kishakuwa historia."

"Ukafanyaje?"

"Nkakibeba! Nkakitia kichwani nkenda zangu. Wakabaki wananitazama."

"Kiko wapi sasa?"

"Kiko kwangu uani. Siku wakitaka kukionyesha wanakuja kukiazima, kisha wananirudishia."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa kuwaza mwanamke yule anatoka mlangoni na kinu kichwani. Bibi hakucheka. Alikuwa anamtazama Bi Mize kama mtu anayeoneshwa njia ambayo miguu yake haiwezi kuipita. Tulipokuwa tunarudi mjini, nyuma ya pikapu ya Mwalimu, yeye amejifunga ushungi kwa sababu ya vumbi, alisema ghafla bila ya kumtazama mtu:

"Tunguu nitamwambia."

"Utamwambia nini, Bibi?"

"Nitamwambia basi, inatosha."

Nilifurahi. Nilijua maana yake ni kwamba mgonjwa amepata nafuu.

Tunguu ilikuwa ndiyo safari iliyofuata, kwenye chuo. Wanafunzi walikuwa wameandaa maonyesho katika ukumbi mkubwa, feni zinazunguka, viti vya plastiki vimepangwa kwa safu. Mrashi ulikuwa mbele kabisa, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na siku hiyo haukuwa ndani ya kioo. Ulikuwa wazi. Mtu angeweza kunyoosha mkono. Bibi alimwahi Mwalimu mlangoni.

"Mwalimu, nina neno nataka kukwambia."

"Naam, Bi Raya. Tukimaliza hapa, niko nawe."

Tukakaa safu ya mbele. Nilimwona Bibi akiisogeza midomo taratibu, anayapanga maneno yake. Mwalimu akashika kipaza sauti. Akazungumza habari za mji na watu wake, na vitu vinavyopotea. Halafu akanyoosha mkono upande wetu.

"Wako watu wana vitu vyao wamevifungia makabatini mpaka vimeota kutu, na ukiwaomba wanakuuliza maswali siku nzima. Mama huyu hapa hakuniuliza swali. Aliinuka, akafunga mrashi wake kwa kitambaa cheupe, akautoa kwa mkono wake mwenyewe. Leo hata watoto wa watoto wenu watauona. Bi Raya, simama tukuone."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bibi akasimama. Msichana mmoja wa chuo akaja na kanga mpya, akamtandia mabegani, na makofi yakazidi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilipiga mpaka viganja vikaniwasha, na niligeuka nyuma ili watu waone kwamba mimi ndiye niliyekuja naye. Yeye alikuwa amesimama na kanga ile mabegani, macho yake yako mezani.

Baadaye Mwalimu alikuja mbio, hana raha mpaka atimize ahadi yake. "Haya, Bi Raya, ulikuwa na neno lako."

Bibi alimtazama. Nilikuwa nimemshika mkono na nilihisi vidole vyake vinavyonikaza.

"Nlitaka kukushukuru tu, Mwalimu."

Kanga ile aliikunja akaiweka chini kabisa ya kasha. Hakuivaa hata siku moja.

Baada ya Tunguu tuliendelea kwenda nyumba ya Mwalimu, lakini si kwa wingi ule, na Bibi hakuwa akisimama mbele ya kioo tena. Alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, anakunywa chai yake, anauliza hali za watoto wa Mwalimu. Siku moja tukiwa njiani kurudi nilimwuliza, "Bibi, kwani utapona lini?"

"Nani?"

"Mrashi."

Alisimama katikati ya kichochoro. Akanifanya nieleze, nikaeleza yote: kioo, daktari, mbonyeo, kiti cha wageni. Akacheka, jamani, akacheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanamtoka, na wapita njia wakacheka kwa kumwona yeye anacheka. Kisha akajifuta uso kwa pembe ya ushungi, na alipomaliza kujifuta uso ule haukuwa na kicheko.

"Huyu hatoki tena, Thuwe," alisema.

Bi Shani alikuwa ameshafariki kule hospitali, kwa hiyo nilielewa. Yaani nilielewa kwa kadiri ya mtoto. Nilimsikitikia mrashi. Hata sikufikiria kumsikitikia Bibi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kwamba nilikuwa nimeshikwa mkono na mtu anayeomboleza, kwa muda wote ule, na mimi najiona niko matembezini.

Bibi alifariki nikiwa msichana wa sekondari. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Wanawake wa mtaa walijaa juu, wakamwosha, wakamvisha, na ilipofika wakati wa marashi mama yangu mdogo Rukia alinyoosha mkono kabatini kama alivyozoea toka utoto, halafu akaurudisha.

"Mtu aende kwa Mwalimu," nilisema.

"Mwalimu yuko chini na wanaume," mmoja wao alijibu. Kweli alikuwa chini, kwenye baraza, na ufunguo wa ile nyumba bila ya shaka uko mfukoni mwake. Ilikuwa ni kushuka ngazi tu.

Bi mmoja mtu mzima akatikisa kichwa. "Wacheni, aibu. Maiti yuko ndani, mtu anadaiwa mrashi! Mwenyewe hakudai uhai wake wote, leo mkamdaie nyinyi?"

Mama mdogo Rukia akatuma dukani ikaletwa chupa ya marashi. Kifuniko chake kilikuwa cha plastiki. Alikitoboa kwa pini ya ushungi wake, akatoboa tena, akamtia mama yake marashi kwa chupa. Nilisikia plastiki ile ikilia kila alipoitikisa. Huko nje Mwalimu Haroub alikuwa katika wale wa mbele kulitia bega jeneza, naye alikuwa analia.

Siku ya tatu alipanda juu kutupa mkono wa tanzia. Alikuwa amebeba sahani ya maua ya buluu, ile ya visheti vya mwisho ambavyo Bibi alimpelekea kabla ya kuanguka kwa maradhi, na juu yake halua imefunikwa kwa kawa.

"Hakuna aliyeipenda nyumba yetu kama marehemu," alimwambia mama mdogo, na sauti yake ikakatika. "Sahani yake nimekuja nayo. Sikutaka ikae kwangu."

Mama mdogo Rukia aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Mwalimu," alisema. "Umefanya vizuri."

Halua ile tuliila. Sote tulijua, hakuna aliyesema, na tuliimaliza.

Yote haya yalinipitia kichwani wiki iliyopita nikiwa nimesimama na bakuli alilonirudishia Neema. Kesho yake nilitoka nikenda ile nyumba. Mwalimu Haroub naye ameshatangulia, Mungu amrehemu. Siku hizi wanaoiendesha ni vijana, na wameifanya vizuri, taa ndogo ndogo zimewashwa juu ya kila kitu. Mrashi upo pale pale katikati. Kuna kikaratasi kinachosema ni zawadi ya Bi Raya. Nilipoinama niliuona mbonyeo, na kidole gumba changu kikajikunja chenyewe, ingawa sasa kingekuwa kikubwa, hakienei.

Binti wa zamu alinisogelea. Nilimwambia ni wa bibi yangu, akafurahi sana, akataka kunipiga picha nimesimama pembeni yake. Nikasimama.

"Mna kitu ndani?" nilimwuliza.

"Ndani ya mrashi?" Alishangaa. "Hamna, mama. Mtupu. Tunaukausha vizuri usiharibike."

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Sikutaka kuubeba kichwani kama Bi Mize. Nilitaka kusema tu, kwa sauti, mara moja, kwamba bibi yangu hakuutoa, kwamba aliuazima, na kwamba alikuwa anausubiri. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile alijue hilo. Binti alinitazama kwa adabu, mikono ameifumbata, akaniuliza kama nina haja yoyote.

"Sina haja, mwanangu," nilisema. "Nimekuja kukutazameni tu."

Nilirudi nyumbani nimejichukia. Nikakanda unga, nikakaanga visheti, nikalijaza lile bakuli, nikavuka ujia, nikabisha hodi. Neema alifungua akiwa na ufagio mkononi. Nikaanza kama mtu aliyekwenda kushtaki.

"Neema mdogo wangu, nakuletea visheti. Lakini kwetu huku bakuli halirudi tupu. Likirudi, nitilie kitu. Hata chumvi."

Aliweka ufagio chini. Nilidhani nimemwudhi. Akashika mashavu yake kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa haya na kicheko.

"Jamani, dada!" alisema. "Si ungeniambia tu?"